Aliye Nje Hajasema Ndiyo

Mwaka 2008, mwanahabari aliyetaka picha ya Laurent Nkunda alipaswa kuomba miadi. Jenerali huyo muasi alikuwa na ngome yake kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, upande wa Kitchanga, na wapiga picha kutoka nchi nyingi walitoka Goma, wakapita Sake, wakapanda barabara ya matope hadi mahali walipoambiwa wasubiri. Akatoka akiwa amejiandaa: sare safi, miwani, fimbo yenye kichwa cha tai. Siku nyingine alimpakata mwanakondoo mweupe. Alichagua asimame wapi, aonekane na nani, na wakati gani iwe basi. Picha zile zimezunguka dunia, na kila moja ina jina lake chini.

Njiani, kwenda na kurudi, walipigwa picha watu wa namna nyingine. Mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mzee anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, iliyosheheni sufuria, mahindi na mbuzi aliyefungwa miguu. Watoto wamesimama kando ya barabara, wamelowa, wanaangalia gari. Hawa hawakuwa na miadi. Gari lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, kamera ikatoka, gari likaendelea. Chini ya picha nyingi za aina hiyo utakuta maneno machache tu: mkimbizi wa ndani, Kivu Kaskazini, na tarehe.

Mwenye jeshi aliombwa ruhusa, mwenye godoro hakuombwa. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka litakuwa kwamba yule alikuwa kwake na huyu alikuwa barabarani, na barabara ni ya wote. Sura hii inalipinga jibu hilo, na nimeichagua Masisi kwa sababu ndiko linakoshindwa waziwazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Tulitazame kwanza hilo jibu, maana lina nguvu yake. Katika nchi nyingi, sheria na desturi za upigaji picha zinagawa dunia mara mbili: ndani na nje. Ndani ya nyumba mtu ana siri zake. Akivuka kizingiti, amejitoa machoni pa watu. Marekani imeishikilia sana kanuni hii. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega kamera na taa pale Times Square, New York, akawapiga picha wapita njia bila wao kujua, akazionyesha na kuziuza kama kazi za sanaa. Mzee mmoja wa Kiyahudi aliyejiona humo alimshtaki, akieleza kwamba dini yake inakataza jambo hilo. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilimpa diCorcia ushindi. Ufaransa haiendi mbali hivyo: huko mtu ana haki juu ya sura yake mwenyewe, na kuichapisha bila idhini yake kunaweza kukupeleka mahakamani hata kama ulimpiga picha barabarani. Lakini Wafaransa nao wanaanzia palepale, kwamba kila mtu ana mlango wa kufunga akichoka kutazamwa.

Sasa njoo Masisi, umtafute mtu mwenye mlango.

Mwezi Februari 2024 vita vilipofika kwenye vilima vinavyoizunguka Sake, maelfu ya familia ziliteremka kuelekea Goma, zikajazana Bulengo, Lushagala, Rusayo na kambi nyingine zilizokuwa zimefurika tayari. Nyumba ya huko ilikuwa vijiti vilivyopindwa na kufunikwa turubai, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano, nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mzima alilala amejikunja. Kulikuwa na nafasi ya kulala tu. Mambo mengine yote ya maisha yalifanyika nje: kupika, kufua, kuogesha mtoto, kunyonyesha, kugombana na mume, kulia msiba. Mwezi Januari 2025, mapigano yalipoingia Masisi-centre, watu walikimbilia uwanja wa hospitali kuu ya rufaa wakalala humo. Mahali hapo ni wapi, ndani au nje? Ni hospitali, ni kimbilio, ni chumba cha kulala, na tena ni uwanja ambao yeyote anaweza kupita na simu yake mkononi.

Mtu anayeishi hivyo hakutoka nje ili aonekane. Nje kulimfuata alipo. Kumwambia kwamba amekubali kupigwa picha kwa sababu yuko mahali pa wazi ni sawa na kumwambia kwamba alipopoteza nyumba alipoteza na haki ya kuwa na uso wake. Mimi swali la mahali nimeliacha kabisa. Ninachouliza ni hiki: je, mtu huyu, kama angekuwa na mlango, angekuwa ameufunga sasa? Anayeuza formaji, yaani jibini, na viazi sokoni hangeufunga. Anayeimba kwaya Jumapili mbele ya kanisa hangeufunga. Anayeoga nyuma ya turubai lililopasuka angeufunga, na mwenye akili timamu anajua hivyo kabla hajainua kamera.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Masisi iwe tofauti, nayo ni kwamba picha hapa inaweza kuua. Eneo hili linakaliwa na Wahunde, Wahutu, Watutsi na Watembo, na ukiteremka kwenye misitu ya Walikale utawakuta Wanyanga na Wakumu. Tangu vita vya mwaka 1993, watu wamekuwa wakiuawa na kufukuzwa kwa sababu ya kabila walilodhaniwa kuwa nalo, tena mara nyingi kwa kutazamwa sura tu. Vikundi vyenye silaha vimegawana vilima, na mipaka yao huhama. Kijana aliyepigwa picha akicheka na askari wa upande mmoja siku ya Jumatatu anaweza kuwa mikononi mwa upande wa pili Alhamisi. Muuza sigara aliyesimama karibu na kizuizi cha barabarani ataonekana kwenye picha kama mshirika wa waliokiweka, ingawa alikuwa anatafuta wateja tu.

Zamani mpiga picha aliweza kujifariji kwamba picha yake ingeishia kwenye jarida la Ulaya ambalo hakuna mtu wa Kitchanga angelishika. Faraja hiyo imekwisha. Picha iliyotumwa asubuhi kutoka Sake iko kwenye makundi ya WhatsApp ya Goma kabla ya saa sita mchana, na kabla ya jioni imefika Rubaya, Nyabiondo, Walikale na kwa ndugu walioko Nairobi na Brussels. Wote wanaijua nchi. Mgeni huona kilima cha kijani chenye ng'ombe. Mtu wa Masisi huona kilima cha fulani, kwenye kona ya barabara iliyo chini ya shule fulani, na anajua ni mwendo wa saa ngapi kufika hapo. Ndiyo maana ushauri wa kuzima mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu ni mzuri, nami ninaurudia kwa kila anayeniuliza, lakini hautoshi. Umbo la mlima halina mahali pa kuzimia. Kibao cha kanisa, namba iliyoandikwa kwenye turubai, mnara wa simu, rangi ya sare ya shule, vyote husema.

Hata kuficha uso hakutoshi, na hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa kuwa ndipo wapiga picha wenye nia njema huridhika mapema.

Mwanamke anakimbia usiku kutoka kijijini kwake juu ya Sake. Amevaa kitenge kimoja, amejifunga kingine kumbeba mtoto. Miezi inapita, na nguo zake ni zilezile. Kila mtu kambini humtambua kwa kitenge hicho kutoka mbali, anapotoka kuchota maji, kabla hata uso wake haujaonekana. Mpiga picha anampiga kwa nyuma, kwa uangalifu, bila uso, akiamini amemlinda. Picha inachapishwa na maelezo kwamba mwanamke huyu alibakwa na watu wenye silaha. Majirani wanaitazama kwenye simu na hakuna anayeuliza ni nani, maana kitenge kimekwisha kumtaja. Mtu mwenye nguo kumi anaweza kufichwa kwa kufunikwa uso. Mtu mwenye nguo moja amebeba uso wake mwili mzima. Basi ukipiga picha ya namna hiyo, mpe shuka lisilo lake ajifunike, au piga kivuli chake ukutani, au mikono ikiwa haina kovu wala bangili inayojulikana, na usitaje kambi wala kijiji. Ukiona kwamba baada ya kuondoa hayo yote picha haina kitu, elewa kwamba haikuwepo picha ya kupigwa pale. Kalamu itaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mahakama zetu zililiona hili kabla ya wanahabari wengi. Baada ya askari wa serikali kubaka wanawake wengi huko Minova mwezi Novemba 2012, mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi hapo kusikiliza mashahidi mwanzoni mwa mwaka 2014. Wanawake waliingia wamefunikwa kuanzia kichwani, hata mabega hayatambuliki. Walifunikwa hivyo kwa sababu sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu makosa ya ubakaji inamtaka mwendesha mashtaka na hakimu kulinda usalama, heshima na maisha ya faragha ya waathirika. Ikiwa hakimu, ambaye kazi yake ni kumjua shahidi, alikubali kumsikiliza amefunikwa, sioni kwa nini mhariri wa gazeti adai kumwona wazi.

Yaliyotokea Walikale yanaonyesha hatari hiyo hudumu muda gani. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji walivamia Luvungi na vijiji vingine 12 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa baadaye ulihesabu watu 387 waliobakwa, kwa uchache. Habari zilipotoka, wajumbe na wanahabari walifuatana kwenda katika vijiji hivyo. Walikuja na maswali na kamera, wakaondoka. Mkuu wa kimojawapo cha vikundi vilivyotajwa kuhusika, Ntabo Ntaberi Sheka, alibaki msituni. Hati ya kumkamata ilitolewa Januari 2011, na Novemba mwaka huohuo akagombea ubunge wa Walikale bila kukamatwa. Alijisalimisha Julai 2017, na mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha Novemba 2020. Fanya hesabu. Mwanamke aliyepigwa picha Agosti 2010 aliishi miaka saba katika msitu uleule na mtuhumiwa, huku picha yake ikiweza kufunguliwa na yeyote mwenye simu. Mpiga picha alikwisha kupiga vita vingine vitatu kufikia hapo.

Najua wengi watasema: lakini tuliomba ruhusa. Sawa, mliomba kwa nani? Desturi ya kazi katika eneo hili ni kupita kwa wakubwa. Kuna barua kutoka Goma, kuna kujitambulisha kwa msimamizi wa wilaya, kwa watu wa usalama, kwa mwami au chifu wa kijiji, kwa rais wa kambi. Hatua hizo ni za lazima, na asiyezifuata anaweza kulala rumande na kamera isirudi; madaraja, viwanja vya ndege, kambi za jeshi na ofisi za serikali hazipigwi picha Kongo, na kila mwenyeji anajua. Lakini mkubwa hutoa ruhusa ya kuingia. Uso wa mama aliyeketi mbele ya turubai si mali ya rais wa kambi, na ruhusa yake haiugusi. Nimeona mara nyingi jinsi inavyokuwa: mgeni anafika na chifu upande mmoja na mfanyakazi wa shirika mwenye fulana ya nembo upande mwingine. Chifu anasema, "Mama, huyu ni mgeni wetu, anakupiga foto." Mama anasema, "Sawa, papa." Angesema nini? Upande mmoja amesimama anayeandika majina ya watakaopewa unga, na upande mwingine anayeamua nani akae wapi. Kukubali mbele ya watu wawili wanaoshika maisha yako mikononi kuna thamani ndogo sana.

Kwa hiyo muda ni kifaa cha lazima kama lenzi. Mwache chifu anywe chai. Rudi mwenyewe, kamera ikiwa begini. Salimia, kaa chini, uliza habari za watoto na za kijiji walikotoka. Halafu uliza jambo lako kwa maneno yanayoeleweka: nataka kukupiga foto, itatoka kwenye gazeti, watu wa Goma wataiona, watu wa kijijini kwenu wanaweza kuiona, wale mliowakimbia nao wanaweza kuiona. Sentensi hiyo ya mwisho wapiga picha huiruka, na ndiyo pekee inayompa mtu nafasi ya kuamua. Wengine husikia wakakataa. Wengine hufikiri kidogo wakasema, "Foto ya mikono sawa, foto ya uso hapana." Wengine husimama wima, wakajipangusa uso na kusema piga, wajue kwamba niko hai. Majibu yote matatu ni ya mtu mzima aliyepima mambo yake. Baada ya kupiga, geuza kamera umwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake, wala usitafute maneno ya kumbembeleza.

Kwa watoto, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto imekuwepo muda mrefu, na miongozo ya UNICEF inasema wazi kwamba mtoto aliyedhulumiwa kingono au aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai asionyeshwe uso wala kutajwa jina. Masisi ina watoto wengi waliowahi kubebeshwa bunduki. Kuna wengine wanaosafisha madini kwenye vijito vya Rubaya, mji ambao koltani yake imo kwenye simu za dunia nzima. Picha ya mtoto aliyejaa matope hadi shingoni inauzika haraka, ndiyo sababu ya kuwa na tahadhari nayo. Ikiwa mzazi hayupo, hakuna wa kutoa idhini, na pipi haiwezi kuchukua nafasi ya mzazi.

Kuhusu malipo, maoni yangu ni makali kidogo kuliko ya wenzangu. Mwendesha chukudu wa barabara ya Sake anayedai chochote kabla ya kupigwa picha ana haki. Sanamu ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu imesimama katikati ya Goma. Chombo chake kimekuwa alama ya jimbo, na wageni huuza picha zake. Kumwita mwombaji ni kumtukana. Ila kumlipa mtu ili asimulie kubakwa kwake au aoneshe jeraha lake ni kununua msiba, na anayenunua msiba hatachelewa kupata wauzaji. Kwa picha nyingine zote, lipa kwa kile wanachokitaka zaidi: picha yenyewe. Isafishwe, iletwe. Mafundi wa picha wanaozunguka masokoni na kwenye harusi wanajua hili kuliko sisi. Wao hawawezi kumpiga mtu vibaya kwa kuwa ndiye mteja, na kesho atakuja kuichukua.

Sheria inasema nini? Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka haki hiyohiyo katika ibara yenye namba ileile, 31. Wakenya wakaenda mbele: mwaka 2019 walitunga sheria ya kulinda data binafsi na kuunda ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza Casa Vera, sehemu ya starehe jijini Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mteja yule alikuwa mahali pa watu wengi, taa zinawaka, muziki unapigwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kutoka nyumbani alikuwa ameshakubali. Kongo nayo ina Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayogusa data za mtu binafsi. Lakini mama wa Bulengo ambaye Februari 2025 alitakiwa kuondoka kambini baada ya waasi wa M23 kuishika Goma, na hakujua kama kijiji chake bado kipo, hataenda kufungua shauri kwa ajili ya picha. Kwake sheria pekee inayofanya kazi ni ile iliyomo kichwani mwa mwenye kamera.

Simaanishi kwamba kamera ibaki begini. Tarehe 14 Mei 1904 mwanamume aitwaye Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa, kaskazini-magharibi mwa Kongo, akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha ameketi barazani akivitazama. Picha hiyo ilioneshwa kwa taa ya kuonyeshea picha katika kumbi za Uingereza na Marekani, na ilisaidia kumnyang'anya Mfalme Leopold wa Pili nchi hii mwaka 1908. Kuna picha chache zenye ukatili kuliko hiyo, nami naitetea, kwa sababu Nsala alitembea kwa miguu yake akaleta ushahidi ili aaminiwe. Na jina lake tunalijua hadi leo. Vivyo hivyo, wakati wa ukimbizi wa mwaka 1994 kutoka Rwanda, hapa Goma, mashirika yaliwapiga picha watoto waliopotezana na wazazi na kubandika sura zao ili ndugu wazitambue. Pale uso ulipaswa kuonekana na watu wengi kadiri ilivyowezekana. Kamera ni ileile. Tofauti iko kwa anayenufaika na kuonekana huko.

Jina nalo lina uzito wake. Kuanzia miaka ya 1920 Casimir Zagourski, Mpolandi mwenye studio Léopoldville, alichapisha mamia ya postikadi za watu wa Kongo na majirani zake katika mfululizo alioupa jina la Afrika inayotoweka. Ni picha nzuri ajabu, na chini yake pana majina ya makabila. Watu wenyewe hawana majina. Mwaka 1956, huko Walikale, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimsikiliza mzee wa Kinyanga akisimulia utenzi wa Mwindo kwa siku kadhaa. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, akiwa ameshirikiana na Kahombo Mateene, jina la msimulizi lilikuwemo: Shekarisi Candi Rureke. Kwa hiyo tunaweza kumshukuru Rureke, na wajukuu wake wanaweza kunyoosha kidole. Mtu anayetaka kutajwa atajwe kwa herufi sahihi, kama alivyotajwa Nkunda. Mtu ambaye jina litamletea hatari afichwe vizuri. Kosa la postikadi lilikuwa kutouliza yupi ni yupi.

Mwaka 2013 Richard Mosse wa Ireland aliwasilisha Venice kazi yake iliyopigwa Kivu kwa filamu ya Kodak Aerochrome, ambayo hugeuza majani mabichi kuwa ya waridi. Milima yetu ikawa na rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya majeshi, ili rubani aone kilichofichwa chini ya miti. Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu na zinanivutia, kisha nawafikiria watu waliojificha chini ya miti ileile wakiomba wasionekane, na siwezi kuacha kuwafikiria.

Tangu wakati huo kumezuka kizazi kingine cha wapiga picha. Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Ley Uwera, Pamela Tulizo: hawa wamekulia au wamefanyia kazi Goma, na kazi za wote watano zilikuwemo katika mradi wa Congo in Conversation ulioongozwa na Finbarr O'Reilly kwa tuzo ya Carmignac mwaka 2020. Wanaongea Kiswahili na mama wa kambini bila mkalimani katikati, na hilo peke yake hubadilisha mazungumzo ya ruhusa. Tena wanabaki. Mtu wanayempiga picha leo watakutana naye kesho kutwa kwenye soko la Virunga au ndani ya basi, naye ataweza kuwauliza ile foto ilienda wapi. Mpiga picha anayejua kwamba ataulizwa hufanya kazi kwa mkono mwingine.

Anayetoka mbali anaweza kujiwekea swali hilo mwenyewe, kwa kuacha nyuma namba ya simu inayopokelewa. Iandikwe kwenye karatasi, apewe aliyepigwa picha na apewe mtu mwingine wa kambi anayeaminika, maana karatasi hulowa. Mkataba na gazeti au shirika useme kwamba picha itaondolewa mwenyewe akiomba, hata ikiwa imepita miaka, hata ikiwa imeshinda tuzo. Alikubali alipokuwa Lushagala, mbali na kijiji. Sasa amerudi Masisi, anaishi chini ya watawala wengine, na binti aliyekuwa mgongoni kwenye picha ile amefikia umri wa kuchumbiwa. Ana sababu mpya, na hawajibiki kumweleza mtu yeyote ni ipi. Atapiga simu, atasema yeye ni nani na picha ni ipi, na mtu wa upande wa pili ataifungua kompyuta na kuitoa.